Teknolojia mashuleni: Los Angeles ilinunua tableti kabla ya kujua zitafanya kazi gani

Tangu Februari 18, 2025, mwanafunzi wa shule ya serikali mjini Los Angeles, Marekani, haruhusiwi kutumia simu yake kuanzia asubuhi anapoingia shuleni hadi kengele ya mwisho inapolia. Hata saa ya mapumziko na saa ya chakula simu haitoki. Baraza la shule la mji huo lilipitisha uamuzi huo Juni 2024, kwa kura 5 dhidi ya 2.

Habari hiyo ingeweza kupita kama nyingine. Lakini ni uongozi huohuo wa shule uliotangaza mwaka 2013 kwamba kila mwanafunzi wake, toka watoto wadogo kabisa hadi wale wa mwaka wa mwisho wa sekondari, atapewa tableti. Katikati ya matangazo hayo mawili kuna mabilioni ya ahadi, kiongozi aliyejiuzulu, uchunguzi wa FBI, roboti wa mazungumzo aliyezimwa baada ya miezi mitatu, na kazi moja ngumu iliyofanyika vizuri kuliko zote bila kelele nyingi.

Los Angeles ni mbali na Goma, Bukavu, Butembo au Bunia. Hata hivyo Kongo nayo ina mipango yake. Septemba 2019, mwezi uleule elimu ya msingi ya bure ilipoanza kutekelezwa, Kinshasa ilizindua Mpango wa kitaifa wa dijitali uliopewa jina Horizon 2025. Mwaka huo umekwisha kufika. Mashariki mwa nchi, mzazi anayeulizwa nini kimebadilika darasani mwa mwanawe atataja kwanza msongamano kwenye mabenchi, na vita. Mashine hazitaji. Ndiyo maana inafaa kuangalia mji tajiri ulivyopanga malengo yake, wapi ulikosea, na wapi ulipata.

Nani anaamua

Marekani, shule za serikali haziendeshwi kutoka Washington. Kila eneo lina wilaya yake ya shule. Ile ya Los Angeles, inayojulikana kwa kifupi LAUSD, ni ya pili kwa ukubwa nchini humo baada ya New York, na mwaka 2013 ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 600,000. Inaongozwa na baraza la watu 7 waliochaguliwa na raia. Baraza hilo ndilo linaloajiri mkuu wa shule zote. Wilaya ina bajeti yake, na inaweza kuwaomba wapiga kura ruhusa ya kukopa.

Kongo, kitu kinachokaribiana na hicho ni jimbo la elimu, lile linaloongozwa na proved. Tofauti ni kubwa. Proved anateuliwa na Kinshasa, hakopi, na mishahara ya walimu wake inapangwa Kinshasa. Anapoandika lengo la teknolojia, anaandika juu ya pesa ambazo hana mkononi. Los Angeles ilikuwa na pesa, ilikuwa na umeme, ilikuwa na intaneti, na bado ilianguka. Hilo ndilo linaloifanya hadithi hii iwe na faida: huwezi kusema ilishindwa kwa sababu ya umaskini.

Tableti 1 kwa kila mtoto

Juni 2013 baraza liliidhinisha mkataba wa kwanza wa dola milioni 30 na kampuni ya Apple. Kila iPad ilihesabiwa dola 678, bei iliyo juu ya ile ya dukani, kwa sababu ndani yake mlikuwa na masomo yaliyotengenezwa na kampuni ya Pearson. Mpango mzima, pamoja na kuweka intaneti isiyo na waya katika mashule yote, ulikadiriwa kuzidi dola bilioni 1.

Mkuu wa shule wakati huo, John Deasy, alikuwa na hoja nzito. Wanafunzi wake wengi wanatoka familia maskini. Mtoto wa tajiri ana kompyuta nyumbani, mtoto wa maskini hana. Basi kumpa kifaa, kwa maoni yake, ni suala la haki za raia. Hoja ya pili ilikuwa mtihani. California ilikuwa inaandaa mtihani mpya wa kufanyika kwenye mashine, na mtoto ambaye hajazoea mashine angefeli hata kama somo analijua.

Malengo yote mawili yalikuwa mazuri, na ni vigumu kupata mtu wa kusimama hadharani kuyapinga. Kasoro ilikuwa katika kile ambacho hayakusema. Hakuna mahali palipoeleza mtoto wa darasa la tatu atasoma nini vizuri zaidi kwa kuwa na tableti, mwalimu wake atabadilisha nini katika saa ya hesabu, wala itajulikanaje baada ya mwaka kwamba kazi imefanikiwa. Kipimo kilichobaki kilikuwa hesabu ya vifaa vilivyogawiwa. Na hesabu hiyo hufurahisha kila mtu siku ya kwanza: kiongozi anapigwa picha, mtoto anacheka, muuzaji analipwa.

Ugawaji ulianza katika shule 47 mwishoni mwa 2013. Baada ya wiki chache wanafunzi karibu 300, wengi wao wa sekondari ya Roosevelt, waligundua kwamba ukifuta sehemu moja ndogo ya mipangilio, kizuizi kinaondoka, na Facebook na YouTube zinafunguka. Kijana yeyote anayetengeneza simu pale Birere angewaambia viongozi hao mapema kwamba itakuwa hivyo. Wilaya ilistuka, ikakataza tableti kutoka nje ya shule. Basi ile hoja ya kumsaidia mtoto asiye na kompyuta nyumbani ikabaki bila miguu, kwa kuwa kifaa sasa kililala shuleni.

Maswali mengine yakafuata, yale ambayo mama yeyote wa nyumbani angeuliza kabla ya kununua. Tableti ikipotea, nani analipa, mzazi au shule? Wazazi walipewa majibu yasiyofanana. Kwa mtihani, wanafunzi wakubwa walihitaji kibodi. Kibodi hazikuwa katika hesabu ya mwanzo. Masomo ya Pearson hayakuwa yamekamilika wakati wa kununuliwa, na leseni yake ilikuwa ya miaka 3 tu. Pesa zenyewe zilitoka katika mikopo ambayo wapiga kura waliidhinisha kwa ajili ya kujenga na kukarabati shule. Paa la shule linakaa miaka 30. Tableti, watoto wakiishika vizuri, labda 4.

Darasa 1 kati ya 245

Namba inayosema zaidi ya zote ilitoka mwaka 2014. Watafiti kutoka nje, wa taasisi ya American Institutes for Research, walipewa kazi ya kuangalia mradi unakwendaje. Waliingia katika madarasa 245. Walikuta mwalimu 1 tu anayetumia yale masomo ya Pearson yaliyopandisha bei ya kila kifaa.

Ni rahisi kusema walimu walikuwa wavivu au waoga wa mashine. Lakini walimu wale walikuwa na vitabu vyao, ratiba yao, na watoto wa viwango tofauti mbele yao. Kifaa kilikuja kimejaa masomo ambayo hawakuyaomba wala kuyaona mapema, baada ya mafunzo ya muda mfupi. Walifanya kile ambacho mwalimu mwenye busara hufanya akiletewa chombo asichokielewa katikati ya mwaka: aliendelea kufundisha kama alivyojua.

Agosti mwaka huohuo magazeti yalichapisha barua pepe zilizoonyesha kwamba Deasy na msaidizi wake walikuwa wakizungumza na Apple na Pearson kabla ya zabuni kufunguliwa. Deasy alikana kufanya kosa. Mkataba ulisimamishwa, naye akajiuzulu Oktoba 2014. Desemba FBI ilibeba masanduku ya karatasi kutoka ofisi za wilaya. Mwaka 2017 waendesha mashitaka walifunga faili bila kumshitaki mtu. Kwa upande wa pesa, wilaya ilidai kurudishiwa na mwishoni ikapata dola milioni 6.4: milioni 4.2 kutoka Apple na milioni 2.2 kutoka Lenovo, kampuni nyingine iliyouza mashine zenye masomo hayo.

Watu wengi wanaikumbuka hadithi hii kama ya rushwa. Hakuna mtu aliyeshitakiwa, na hata kama barua pepe zile zisingekuwepo, lile darasa 1 kati ya 245 lingebaki palepale.

Mwezi huohuo wa Agosti 2014 palitokea jambo jingine ambalo halikupata sauti kubwa nje ya Marekani. Wilaya ilizindua programu mpya ya kuhifadhi dosie za wanafunzi: nani yuko shule gani, amemaliza masomo yapi, anastahili kukaa darasa lipi. Programu ilianguka siku za kwanza. Wanafunzi walikaa wiki kadhaa bila ratiba, wengine wakarudishwa kwenye masomo waliyokwisha kufaulu, mpaka jaji akaingilia kati kwa ajili ya sekondari moja, ile ya Jefferson. Tableti ikiharibika, mtoto anarudi kwenye daftari. Dosie ikiharibika, mtoto anapoteza mwaka.

Mwaka ambao lengo lilieleweka

Machi 2020 korona ilifunga shule za Los Angeles, kama ilivyofunga za Kongo mwezi huohuo. Baraza lilitenga dola milioni 100 kwa haraka kununua kompyuta na intaneti kwa wanafunzi wasio nazo, na likafanya mapatano na kampuni ya Verizon ili familia zisilipie mega. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa mbaya. Wanafunzi wa sekondari karibu 15,000 hawakuwa wamewasiliana na walimu wao hata mara moja, na zaidi ya 40,000 hawakuonekana kila siku.

Safari hii namba iliyotazamwa ilikuwa ya watoto waliopatikana. Tofauti hiyo ilibadilisha kazi yote. Walimu walipiga simu nyumbani. Shule zikatoa chakula na kompyuta mahali pamoja. Tena, mji wa Hollywood wenye makampuni makubwa ya teknolojia jirani ulirudi kwenye chombo cha wazee: televisheni za umma zilirusha masomo kila siku, kwa kuwa televisheni haihitaji nywila.

Msomaji wa Kivu au Ituri anaifahamu njia hiyo. Mwaka huo Radio Okapi ilirusha masomo kwa watoto wa Kongo waliofungiwa nyumbani. Redio inasikika Walikale ambako intaneti ni ndoto, betri yake inanunuliwa kwa franka chache, na watoto watano wanaweza kuisikiliza pamoja na jirani. Kasoro yake ni kwamba haimwulizi mtoto kama ameelewa. Lakini shule zilipofunguliwa, mazungumzo juu ya kompyuta yaliendelea.

Roboti aliyeitwa Ed

Mtu angedhani Los Angeles ilijifunza. Machi 2024 mkuu mpya, Alberto Carvalho, alizindua kwa sherehe kubwa programu ya akili bandia iliyoitwa Ed. Ilichorwa kama jua dogo linalocheka. Ingemsaidia kila mwanafunzi kujua amechelewa wapi, na kumjibu mzazi kuhusu maksi na basi la shule. Mkataba na kampuni changa ya AllHere ulikuwa wa hadi dola milioni 6, na karibu milioni 3 zilikuwa zimekwisha kulipwa pale ambapo, Juni mwaka huo, kampuni iliwarudisha nyumbani wafanyakazi wake wengi kwa kukosa pesa. Ed akanyamazishwa. Novemba, mwanzilishi wa kampuni hiyo alishitakiwa New York kwa madai ya kuwadanganya wawekezaji.

Wiki zilezile ambazo Ed alikuwa anakata roho, baraza lilikuwa linapiga kura kukataza simu.

Kuna jambo jingine lililofanya wazazi waogope zaidi. Septemba 2022 wezi wa mtandaoni waliingia katika kompyuta za wilaya hiyo na kudai pesa. Wilaya ilikataa kulipa. Mwanzoni mwa Oktoba wakamwaga hadharani maelfu ya faili, zikiwemo taarifa za siri za baadhi ya wanafunzi. Mtoto hakuchagua kuwekwa katika kompyuta ile, na hawezi kuitoa tena taarifa iliyokwisha kumwagwa.

Tatizo la mtoto wa mashariki

Hapa ndipo hadithi ya Los Angeles inapogusa Kivu, na siyo tu kwa sababu coltan ya Rubaya, kule Masisi, hutoa tantali inayowekwa ndani ya simu na tableti za dunia nzima.

Nchini Kongo karibu mtu 1 kati ya 5 ndiye anayepata umeme, na vijijini ni wachache kabisa. Goma imebahatika kidogo kwa sababu ya mtambo wa maji wa Matebe, Rutshuru, unaoangaza sehemu za mji. Elimu ya msingi ni bure kwa kifungu cha 43 cha katiba, na tangu 2019 madarasa yamejaa kuliko awali. Katika hali hiyo, ukipanga tableti 1 kwa kila mtoto umepanga picha ya gazeti. Rwanda ilianza kugawa kompyuta ndogo mashuleni mwaka 2008 na ikapita 200,000. Kenya, kuanzia 2016, ilipeleka vifaa zaidi ya milioni 1 katika shule za msingi. Nchi hizo mbili zina umeme na usalama ambavyo Masisi haina, na hata kwao swali la mwaka wa pili liliuma: nani anatengeneza kilichovunjika, nani analipa intaneti, mwalimu amefundishwa na nani?

Ukianza upande wa pili, upande wa mtoto, orodha inabadilika. Tatizo la mtoto aliyekimbia kutoka Sake, Kanyabayonga au Minova ni kwamba amefika mahali papya bila bulletini. Shule aliyotoka labda imekuwa makao ya wakimbizi au kambi ya askari. Karatasi zake zimeungua au zimebaki nyumba iliyofungwa haraka. Mkuu wa shule mpya hana njia ya kujua kama kweli alikuwa darasa la sita, basi anamrudisha la tano, au la nne, au anamwambia mzazi alete ushahidi usiopatikana. Msichana wa miaka 14 akirudishwa nyuma mara mbili, mara nyingi haendelei.

Kwa tatizo hilo teknolojia ina jibu la bei ndogo. Halihitaji tableti hata moja mkononi mwa mtoto. Linahitaji dosie inayomfuata: namba yake, shule yake, darasa, matokeo ya mwaka, vikiandikwa na mkuu wa shule kwa simu ya kawaida na kutumwa siku mtandao unapopatikana. Wizara tayari ina SERNIE, idara yenye kazi ya kuwatambulisha wanafunzi, kwa hiyo wazo lenyewe si geni. Na wakuu wa shule wamezoea simu kuliko wanavyosifiwa. Tangu mabenki yafunge Goma mapema 2025, mishahara, mboga na minerval ya shule za binafsi vinapita kwa M-Pesa na Airtel Money.

Lengo la namna hiyo linapimika bila kumpiga mtu picha. Kati ya watoto waliofika Septemba bila karatasi, wangapi walipangiwa darasa lao la haki kabla ya mwisho wa Oktoba? Proved anaweza kulijibu. Mzazi anaweza kumwuliza. Mfadhili anayeleta pesa anaweza kuja mwaka wa pili na kuuliza tena, bila kuhesabu vyuma.

Pembeni yake yapo mengine madogo: masomo ya sauti katika kadi ya kumbukumbu kwa walimu wa darasa la sita, redio iwe katika ratiba, mwanga wa jua katika ofisi ya shule ili simu zijazwe moto. Yote hayo yanaweza kungoja. Dosie ya mtoto haingoji, kwa sababu kila mwezi wa vita unaongeza wengine wasio na karatasi.

Ila Los Angeles ilionyesha pia upande mbaya wa dosie. Ile ya 2014 ilianguka kwa sababu ilianzishwa mji mzima kwa siku moja, badala ya kujaribiwa kwanza katika shule chache. Ile ya 2022 iliibiwa. Na Kivu si California. Orodha inayosema mtoto fulani ni mwana wa nani, alitoka kijiji gani, alikimbia lini na sasa analala wapi, ni kitu ambacho kila kundi lenye silaha lingependa kukisoma. Jina la baba na kijiji cha asili, katika sehemu fulani za Masisi au Djugu, vinatosha kumhukumu mtu. Pengine dosie salama ni ile inayojua kidogo: namba, darasa, matokeo, basi.

Linabaki swali la ufunguo. Tangu Januari 2025 Goma, na tangu Februari Bukavu, ziko chini ya AFC/M23, wakati diploma inayotambulika bado inatolewa kwa jina la Jamhuri na mtihani wa Exetat unatungwa Kinshasa. Mtoto anavuka mstari huo kwa miguu, akienda na kurudi, na shule ziko pande zote mbili. Kabla ya simu ya kwanza kutuma jina la kwanza, mtu atalazimika kuandika orodha hiyo itahifadhiwa wapi, na nani ataruhusiwa kuifungua.